Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusoma patholojia bila kumeza madesa (noti fupi za kurithiana)

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tunakaa barazani hapa Shangani, Mtwara: wanafunzi wa MD (shahada ya udaktari) waliorudi likizo kutoka Dar, Mwanza na Moshi, wenzao wa diploma ya utabibu, na mimi niliyemaliza intanishipu (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo) na bado sijasahau nilivyoumia. Maswali ni yaleyale kila muhula. Nimechoka kuyajibu kwa voisi za WhatsApp, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Majibu ni yangu. Pale ambapo wenzangu wa barazani hawakubaliani nami, nimesema.

## Mambo ya mwanzo

1. Patholojia ni nini hasa, na mbona inatisha kuliko anatomia?

Anatomia inakuuliza kitu kiko wapi. Fiziolojia inakuuliza kinafanyaje kazi. Patholojia inakuuliza kimeharibikaje, na mgonjwa anaumwa nini kwa sababu hiyo. Inatisha kwa sababu inachukulia kwamba yale mawili ya kwanza bado unayakumbuka, na wengi wetu tuliyaacha kwenye chumba cha mtihani.

Ina sehemu mbili. Ya jumla inaeleza mwili unavyoumia na unavyojibu: seli kufa, inflamesheni (mwili unavyojibu jeraha au vijidudu), kupona, damu kuganda, kinga kukosea, kansa. Ya mifumo inachukua mambo hayohayo na kuyapeleka kwenye moyo, mapafu, ini, figo. Anayeiparamia ya mifumo bila kuielewa ya jumla anasoma kitu kimoja mara kumi akidhani ni vitu kumi. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika mwaka 1858 kwamba ugonjwa huanzia kwenye seli, na mpaka leo maswali hayajabadilika: seli gani, imefanywa nini, imejibu vipi.

2. Nianze wapi, wakati sura ya kwanza peke yake ni kurasa arobaini?

Anza na kusimulia, kurasa zitafuata. Kila ugonjwa una mambo manne: chanzo, mwenendo kutoka chanzo hadi madhara, sura yake kwa macho na kwa hadubini, na kile kinachomleta mgonjwa hospitali. Ukiweza kutoka la kwanza hadi la nne kwa mdomo, bila karatasi na bila kuruka, ugonjwa huo unao. Ukikwama, pale ulipokwama ndipo pa kusoma usiku huo.

Chukua kichocho cha mkojo, ambacho mtu wa Lindi au Mtwara hahitaji kuambiwa kuwa kipo. Mtoto anaoga bwawani, serkaria (mnyoo mchanga) iliyotoka kwa konokono inapenya ngozi. Minyoo inakomaa na kuhamia kwenye vena zinazozunguka kibofu. Jike linataga mayai yenye mwiba mwishoni. Mengine yanatoka na mkojo, mengine yananasa ukutani mwa kibofu, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo: kinachoumiza zaidi ni vita ya mwili dhidi ya yai, mnyoo wenyewe una madhara kidogo. Kinga inalizingira yai, tunapata granuloma, yaani kifundo cha seli za kinga, yenye eosinofili nyingi (seli nyeupe za damu zinazopambana na minyoo). Utando unachubuka, mtoto anamaliza kukojoa kwa damu.

Miaka inapita. Granuloma zinaacha makovu, mayai yaliyokufa yanajaa chokaa, ukuta unakakamaa. Mirija inayoleta mkojo inabanwa na figo zinajaa mkojo usio na pa kwenda. Wakati huohuo utando wa kibofu, uliochubuliwa bila kupumzika, unabadilika na kuwa wa seli bapa. Hiyo ni metaplasia. Baada yake huweza kuja displasia (seli zilizovurugika, zinazoelekea kansa), na baada yake kansa ya seli bapa. Sasa unajua kwa nini kansa ya kibofu huko Ulaya kwa kawaida hutokana na utando wa asili wa kibofu, ilhali penye kichocho mara nyingi ni ya seli bapa. Kwa ugonjwa mmoja wa bwawani umepita kwenye inflamesheni sugu, kovu, chokaa, metaplasia na kansa.

3. Kwa nini nikisoma naelewa, halafu kwenye pepa sikumbuki kitu?

Kwa sababu kulitambua jambo ukiliona na kulitoa kichwani bila kuliona ni kazi mbili tofauti. Ukirudia ukurasa mara ya tatu, macho yanaupokea kama jirani uliyemzoea. Mtihani hauonyeshi ukurasa.

Mwaka wa pili nilikuwa na kalamu nne za kupaka rangi, na kitabu changu kiling'aa kama doti ya kanga mpya. Jaribio la kwanza nikapata 38. Sikuwa mvivu, nilikuwa nakesha. Nilikuwa nakesha nikitazama tu.

Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni, kisha taratibu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, na baada ya wiki moja waliojipima wakawapita. Ndiyo maana kurudia kusoma kunadanganya: usiku wa leo kweli unajiona unajua.

Ninavyofanya ni hivi. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika au chora yote unayokumbuka kuhusu mada moja kwa dakika kumi. Fungua kitabu, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Kesho rudia yale mekundu tu. Yarudie tena siku ya tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Karatasi ya kwanza itakutia aibu, iweke hivyohivyo.

## Vitabu, madesa na simu

4. Nisome kitabu kikubwa au madesa?

Vyote viwili, ila kwa mpangilio. Pitia desa kwa dakika ishirini ujue mwalimu anataka nini. Kisha jaribu kusimulia kama kwenye swali la 2. Kitabu kifungue kwa ajili ya pale uliposhindwa, na usiruke maelezo yaliyo chini ya picha, maana hapo ndipo waandishi hubana mengi kwa maneno machache. Kusoma kitabu kizima kutoka jalada hadi jalada ni nadhiri ambayo sijaona mtu akiitimiza.

Madesa yana hatari moja: yanarithiwa pamoja na makosa yake. Kuna moja limezunguka miaka likisema kwamba kati ya majimaji mawili yanayovuja kwenye mishipa, eksudeti na transudeti, transudeti ndiyo yenye protini nyingi. Ni kinyume. Kwenye inflamesheni kuta za mishipa midogo zinafunguka, protini zinapita, kwa hiyo eksudeti ndiyo yenye protini nyingi. Kwenye transudeti ukuta ni mzima, ila maji yanasukumwa na shinikizo au yanakosa albumini (protini ya damu) ya kuyashikilia. Aliyeelewa mshipa unavyovuja analikamata kosa hilo papo hapo. Aliyekariri analipeleka kwenye pepa pamoja na darasa zima.

5. Anki, ile programu ya kadi za maswali, inafaa kweli, au ni fasheni?

Inafaa, kwa sababu inafanya mambo mawili ya swali la 3: inakuuliza, na inakuuliza tena siku unapokaribia kusahau. Kwenye simu za Android na kwenye kompyuta ni bure. Kwenye iPhone programu yake inalipiwa. Ikishapakuliwa haihitaji bando kukuuliza maswali.

Kadi mbaya inasema: «Eleza inflamesheni.» Hiyo siyo kadi, ni muhula mzima. Kadi nzuri inauliza jambo moja, na ikiwezekana inauliza kwa nini: «Kwa nini mgonjwa wa apendisaitisi (kidole tumbo) huanza kuumwa kitovuni, ndipo maumivu yahamie chini kulia?» Jibu linabeba ugonjwa mzima: mwanzo neva za utumbo hazionyeshi mahali sawasawa, baadaye inflamesheni inagusa utando wa ukuta wa tumbo, ambao unaonyesha.

Kadi mpya kumi na tano kwa siku zinatosha. Ukiweka themanini, wiki ya pili deni litakushinda na utaifuta programu.

Hapa barazani tumegawanyika. Wapo wanaopakua kadi zilizokwisha tengenezwa na wanafunzi wa Marekani, maelfu kwa maelfu, na wanafaulu. Mimi naona kuitengeneza kadi ndiko nusu ya kusoma, tena zile zimepangwa kwa mtihani wa watu wengine. Asiye na simu nzuri akate maboksi ya sabuni, aandike swali mbele na jibu nyuma, na apange kwenye kasha la viatu lenye vyumba vitatu: kila siku, kila baada ya siku tatu, kila wiki. Kadi uliyoijibu inasogea chumba cha mbele, uliyoikosa inarudi mwanzo.

6. Na video?

Nzuri kwa mada isiyoingia kichwani kabisa, kama kuganda kwa damu. Tazama moja, isimamishe kila dakika tano, sema ulichosikia. Ukitazama tatu mfululizo umelala, hayo siyo kujisomea.

7. Umeme umekatika na bando limeisha. Nifanye nini?

Simulia. Kusimulia hakutumii chaji.

## Lugha na mifano

8. Nikieleza kwa Kiswahili naelewa, lakini mtihani ni wa Kiingereza. Nifanyeje?

Simulia kwa Kiswahili kwanza. Lugha unayoota nayo ndoto ndiyo inayofichua kama umeelewa, maana haikupi maneno makubwa ya kujifichia. Barazani hatumruhusu mtu kusema «inatokana na iskemia» bila kuongeza: damu haifiki, kwa hiyo nini kinatokea ndani ya seli? Ukishamaliza, andika simulizi hilohilo kwa lugha ya mtihani, kwa kalamu, usiku uleule. Wanaoruka hatua hiyo ya pili ndio wanaolalamika kwamba Kiswahili kimewaponza.

Kuna maneno yetu yanayosaidia. Selimundu linakuchorea ugonjwa: seli iliyopinda kama mundu. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi amino ya sita imebadilika kutoka glutamati kuwa valini. Oksijeni ikipungua himoglobini zinashikamana, seli inapinda, inaziba mishipa midogo, mtoto analia mifupa. Bandama inakufa vipande vipande hadi inabaki kovu dogo.

Na kuna maneno yanayotega. «Uvimbe» kwa mgonjwa ni maji yaliyojaa miguuni, ni jipu, ni busha, ni kansa ya titi. Wodini lipokee kama linavyokuja. Kichwani mwako uliza mara moja: ni majimaji, ni usaha, au ni seli zimeongezeka? Vivyo hivyo mama akikwambia mwanawe «alikatwa kinyama» hospitali ya kanda, ujue ni biopsi, na cha kumuuliza ni kama majibu yalitoka.

9. Vitabu vinafananisha viungo vilivyougua na vyakula nisivyovijua. Nikariri tu?

Swali ninalolipenda kuliko yote. Waliotunga majina hayo walitazama meza zao za chakula. Wewe tazama ya kwenu.

Ini la kungumanga hili ni letu kabisa. Nenda sokoni nunua kungumanga moja, ileile ya kwenye pilau, uikate katikati kwa kisu kikali. Utaona michirizi ya kahawia iliyokolea ikipita kwenye unga mweupe-kahawia. Sasa fikiria moyo wa kulia umeshindwa kusukuma. Damu inarudi nyuma hadi kwenye ini na kujaa katikati ya kila kijisehemu chake, pale penye vena, pakawa na wekundu mweusi. Pembeni, ambako damu mpya inaanzia kuingia, pamebaki na rangi hafifu. Ukilikata ini hilo linafanana na kungumanga uliyoshika mkononi. Nilifanya hivi na kundi zima mwaka jana na hakuna aliyelisahau, ingawa mama mwenye nyumba aliuliza nani amekata viungo vyake.

Nekrosisi (tishu iliyokufa) ya TB wanaifananisha na jibini. Kama hujawahi kula jibini, fikiria machicha ya nazi yenye unyevu kidogo: meupe yanayoelekea manjano, yanamumunyuka ukiyabonyeza. Usaha wa jipu la ini la amiba wanaufananisha na rojo ya samaki wadogo. Kwetu huo ni uji wa ulezi, kwa rangi na kwa uzito. Perikadaitisi ya fibrini (mfuko wa moyo uliopata inflamesheni na kufunikwa na nyuzi za protini ya kugandisha damu) ni vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi, vikabanwa na kuachanishwa. Hiyo tunaijua. Kwenye karatasi andika jina la kitabuni. Kifananisho chako ni cha kukufikisha kwenye jina hilo.

10. Kuna faida gani kutumia mifano ya huku, ilhali vitabu vimejaa magonjwa ya Ulaya na Marekani?

Faida ni kwamba utaiona tena. Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma ya kale, aliorodhesha dalili nne za inflamesheni: wekundu, uvimbe, joto, maumivu. Ya tano, kushindwa kufanya kazi, iliongezwa baadaye. Unaweza kuzikariri, au unaweza kutazama vidole vya mama anayebangua korosho bila glavu. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi: vidole vinajaa, vina moto, vinauma, malengelenge yanatokea, na jioni hawezi kukunja ngumi. Wekundu hutauona kama kwenye picha ya kitabu, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokolea au usionekane kabisa. Gusa joto, ulizia maumivu. Wengine ngozi huwashwa na kuvimba siku moja au mbili baada ya kugusa, na hiyo ni hadithi nyingine: seli T (seli za kinga) zimeshalijua ganda, ni haipasensitiviti (kinga kujibu kupita kiasi) aina ya nne, kundi moja na kipimo cha ngozi cha TB.

Tena msidhani patholojia yote imetoka kwao. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, na jina lake ni la Kimakonde, la mtu aliyejikunja kwa maumivu ya viungo. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya wa watoto mwaka 1958 akiwa Uganda.

Hilo lisikufanye uache magonjwa ya moyo na kisukari ukidhani ni ya matajiri. Ingia wodi ya wanaume hospitali yoyote ya mkoa uhesabu kiharusi.

## Maabara, machinjio na chumba cha maiti

11. Kila slaidi naiona pinki tu. Nitazame nini?

Kwanza ujue pinki inatoka wapi. Rangi ya kawaida ni mbili: haimatoksilini inapaka viini vya seli buluu-zambarau, eosini inapaka sehemu kubwa ya vilivyobaki pinki. Kwa hiyo penye zambarau nyingi pana viini vingi: limfosaiti (seli za kinga) zimejazana, au kansa. Penye pinki isiyo na viini, shuku nekrosisi, kovu au fibrini.

Kisha usikimbilie lenzi kubwa. Inua slaidi juu, itazame kwa macho dhidi ya dirisha: umbo lake lina mashimo kama mapafu, au ni zito kama ini? Weka lenzi ndogo uliza: kiungo gani, na pameharibika wapi? Lenzi ya kati: mpangilio umevurugikaje? Lenzi kubwa mwisho kabisa, kuthibitisha seli uliyokwisha ishuku. Anayeanza na lenzi kubwa ni kama aliyeshushwa usiku katikati ya mikorosho akaambiwa ataje kijiji.

Na chora. Penseli mbili, ya pinki na ya zambarau. Granuloma ya TB, kwa mfano: katikati pinki isiyo na kitu, kuizunguka seli za epithelioidi (seli za kinga zilizobadilika umbo) zenye viini virefu kama nyayo, hapa na pale jitu la Langhans (seli kubwa yenye viini vingi) lenye viini vilivyojipanga pembeni kama mwezi mwandamo, nje ukingo wa limfosaiti za zambarau. Ukiichora mara tatu kwa wiki tatu hutaikosa.

12. Chuoni hadubini ni chache na vielelezo vya kwenye chupa vimechakaa. Nitaona wapi ugonjwa wa kushika?

Machinjioni. Omba ruhusa, nenda alfajiri na buti, simama karibu na mkaguzi wa nyama. Siku yangu ya kwanza alipitisha kisu kwenye ini la ng'ombe na kisu kikalia kama kinakata mchanga. Mirija ya nyongo ilikuwa myeupe, minene kama penseli, na alipoibinya wakatoka minyoo bapa kama majani yaliyokauka. Minyoo ilikuwa imeikwangua mirija muda mrefu, mwili ukajibu kwa kovu, kovu likajaa chokaa. Kalsiamu ya damu inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Chokaa inafuata tishu iliyokwisha umia. Rudi kwenye mayai ya kichocho, swali la 2, ni kanuni hiyohiyo.

Mkaguzi yule hakuwahi kusoma patholojia ya binadamu, lakini alinifundisha kitu ambacho darasani kilinipita: kiungo kinatazamwa, kinapapaswa, ndipo kinakatwa. Ini lile lilitupwa. Usilinunue hata kama ni bei poa.

13. Naogopa posmotamu (kupasua maiti ili kujua chanzo cha kifo). Ni lazima?

Ratiba ya chuo ikisema ni lazima, ni lazima, na hofu ni ya kawaida. Kula kidogo kabla, simama karibu na mlango, na ukihisi kizunguzungu kaa chini, usijikaze. Wengi huona nafuu wakipewa kazi, hata ya kuandika uzito wa viungo.

Marehemu ana watu wake wanaosubiri nje, na huku kwetu mara nyingi wanasubiri kuzika siku hiyohiyo. Hakuna mzaha mle ndani. Hakuna picha ya simu, hata ya kiungo peke yake, hata ya «kusomea». Jina la marehemu haliendi kwenye kundi la WhatsApp. Hili barazani hatulijadili.

## Mtihani

14. Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) zinatosha?

Hazitoshi, ila zina siri. Usitafute jibu sahihi tu. Chukua yale manne yasiyo sahihi na useme kila moja lingekuwa sahihi kwa mgonjwa gani. Swali moja linakuwa matano.

Na zitunge upya. Umekuta swali la sababu tatu za Virchow za damu kuganda mshipani? Ligeuze: mama amejifungua kwa upasuaji, amelala siku nne, mguu mmoja umevimba, ghafla anakosa pumzi. Damu imetuama kwa kulala, mishipa imeumia kwa upasuaji, na ujauzito wenyewe unaifanya damu iwe tayari kuganda. Zote tatu zimo kwa mama mmoja, na wodini utakutana naye hivyo, siyo kama orodha.

15. Kundi la kusoma liwe na watu wangapi?

Wanne. Mmoja anasimulia, watatu wanamkatiza kwa «kwa nini?». Wakizidi sita wanaanza kuagiza chipsi. Mtu anayejua sana asipewe nafasi ya kufundisha kila siku; anayeyumba ndiye asimulie, kwa sababu msimuliaji ndiye anayefaidi.

16. Nikeshe? Na Ramadhani je?

Usiku wa kuamkia pepa lala. Ulichosoma kinatulia kichwani ukiwa usingizini, na saa nne za usingizi ulizoiba hazirudishwi na kahawa.

Mwezi wa Ramadhani wenzetu wanaofunga wamegundua ratiba yao wenyewe: mada mpya baada ya daku na sala ya alfajiri, kichwa kikiwa chepesi. Mchana kadi fupi fupi. Alasiri usisome kitu kipya, itakuwa ni kutazama tu. Mimi siyo mtu wa alfajiri, kwa hiyo hili nalipokea kutoka kwao.

## Hali za pekee

17. Nimepata supu (mtihani wa marudio) na nimebakiwa na wiki nne. Nianzie wapi?

Pole, mimi pia niliionja. Kwanza tafuta uliangukia wapi: maandishi, slaidi, au mdomo. Dawa ni tofauti. Mwenye tatizo la slaidi akisoma kurasa mia tano hajajitibu.

Wiki ya kwanza rudi kwenye patholojia ya jumla peke yake, hata kama swali ulilokosa lilikuwa la figo. Wiki ya pili na ya tatu mifumo, miwili kwa siku tatu, ukichanganya: asubuhi moyo, jioni figo, kesho yake kinyume. Kuchanganya kunaudhi na kunakufanya ujione unasahau, lakini mtihani nao unachanganya. Wiki ya nne ni pasti pepa kwa saa, ukikaa kama chumba cha mtihani. Madesa mapya yanayotumwa wiki hiyo usiyafungue.

18. Sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Nitafeli slaidi?

Hapana. Tegemea umbo: ukubwa wa kiini, mpangilio, mashimo, mipaka. Mwambie mwalimu mapema, siyo siku ya mtihani. Patakapokusumbua ni rangi maalumu, kama bakteria wa TB wanaoonekana vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Hapo jizoeze na mwenzako hadi ujue kijiti kinavyokaa.

19. Mimi ni wa diploma. Nahitaji yote haya?

Hadubini ya kina, hapana. Mwenendo kutoka chanzo hadi dalili, ndiyo, pengine kuliko wa MD, kwa sababu utapangiwa kituo ambako hakuna wa kumuuliza. Soma swali la 2, la 8 na la 10.

20. Majina ya watu yananichanganya. Langhans na Langerhans ni mmoja?

Wawili. Theodor Langhans ni wa jitu la kwenye granuloma. Paul Langerhans ni wa seli za kinga kwenye ngozi, na pia wa visiwa vya kongosho vinavyotoa insulini. Tofautisha kwa herufi: mwenye jina refu ana vitu viwili.

21. Kila ugonjwa ninaousoma nahisi ninao. Ni kawaida?

Kawaida sana. Wiki ya limfoma (kansa ya tezi za limfu) nilipapasa shingo yangu hadi ikauma, halafu nikaogopa kwa sababu inauma. Ikikuzidi, au ukiwa na dalili inayoendelea, nenda ukapimwe kama mgonjwa mwingine, usijitibu kwa desa.

22. Naweza kuja Jumamosi?

Njoo. Leta penseli mbili za rangi na ugonjwa mmoja utakaousimulia. Kahawa ipo, korosho kila mtu na zake.